Pacha wa Kupokezana

Habari hii nilipewa na Milembe mwenyewe, mwaka ule mvua za vuli zilipowahi kunyesha zikaozesha mahindi yakiwa bado shambani. Tulikuwa jikoni kwake tukipukuchua yale machache yaliyopona. Alianza kusimulia, akaacha, akamaliza gunzi zima, kisha akaanza tena. Sikumharakisha. Jambo zito ni kama maharage makavu: ukizidisha kuni ganda linapasuka, na ndani bado mabichi.

Basi ilikuwa hivi. Siku zile Milembe alikuwa na kazi kiwanda cha betri, kwenye mji ulioota kando ya reli tunapotoka Kahama kwenda Isaka. Kila mwezi ulipoandama alimwogesha mwanawe, akamvika gauni la njano, akamshika mkono wakaenda Nyumba ya Susu.

Ninyi wa leo mnaziona zile susu zimebaki magofu, watu wanahifadhia maziwa. Wakati ule zilikuwa za watoto. Zilining'inia safu kwa safu kama mizinga ya nyuki, nyeupe, kila moja na mwanga wake mdogo wa samawati, na ukipita katikati yake ulihisi ubaridi unakupanda miguuni. Ndani ya kila susu kulikuwa na mtoto amelala. Hali, hanywi, hachafui nguo, halii. Wala hakui. Ukimpeleka na kucha fupi, mwezi wa pili unamkuta na kucha zilezile. Mtu mmoja aliweza kuangalia watoto mia huku akifuma kitambaa, na kwa sababu hiyo kiwanda kiliwapa wafanyakazi wake huduma hiyo bure. Mama ambaye mtoto wake yuko susuni haombi ruhusa ya kumpeleka kliniki.

Aliyeangalia susu za mtaa wao aliitwa Bi Felista, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi.

"Mama Pacha!" aliita siku hiyo akimwona mlangoni. "Umeleta wa kulala nikupe wa kuamka?"

"Nimeleta, dada."

"Haya, vua huku, vika kule. Gauni lisipoe bure."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yao. Gauni lilitoka kwa mmoja likiwa bado na joto, likamwingia mwenzake angali amefumba macho. Mtoto aliyeletwa, Kulwa, alisimama na chupi akitetemeka, akamtazama mama yake kwa jicho la mwenye mali.

"Gauni langu unampa nani?"

"Mwenzio."

"Doto?"

"Ndiyo, Doto."

"Atalichafua. Mwezi ule alilitia tope."

"Nitamkanya."

"Umchape," alisema Kulwa, kisha akanywa dawa yake kwenye kikombe cha bati, akapiga miayo, na Bi Felista akampokea kabla hajaanguka.

Hiyo ndiyo zamu waliyoishi nayo. Mwezi huu Kulwa yuko macho na Doto amelala. Mwezi ujao Doto yuko macho, Kulwa amelala. Ilibidi iwe mwezi mzima kwa sababu mwili wa mtu hauzimwi kama taa. Kulikuwa na siku za kuupooza taratibu na siku za kuupasha taratibu, na ukiharakisha unaharibu. Usingeweza kumweka mtoto asubuhi ukamchukua jioni. Kwa hiyo watoto wawili waliozaliwa tumbo moja, siku moja, waliishi kwenye nyumba moja, wakala kwenye sahani moja, na hawakuwahi kuonana wote wakiwa macho tangu walipoachishwa ziwa.

Mtauliza, mama gani huyo? Ulizeni, lakini msikilize kwanza.

Milembe na mumewe Nkwabi wote walikuwa watu wa kazi. Nkwabi alikuwa fundi wa reli. Wasichana wa kulea watoto walikuwa wamekwisha. Wote wameingia viwandani, na yule mmoja uliyempata alitaka mshahara ambao ukimlipa, wewe mwenyewe unakuwa umemfanyia kazi yeye. Kiwanda kilikuwa na chekechea nzuri, yenye uji wa maziwa na bembea, ila nafasi ilikuwa moja kwa kila nyumba. Moja tu. Uwe umezaa mmoja au umezaa watatu, hilo lilikuwa lako na Mungu wako.

Mara ya kwanza kabisa, watoto wakiwa wanaanza kutambaa, Milembe alikuwa na shauri lake.

"Mimi niingie kazi ya usiku," alimwambia mumewe. "Wewe mchana uende, usiku ukae nao. Asubuhi nakupokea. Hatumlipi mtu."

Nkwabi aliweka kijiko chini. "Mke wangu akalale kiwandani na wanaume?"

"Silali, nafanya kazi."

"Usiku ni usiku."

Mama mkwe, Bibi Ngolo, alikuwa amekaa penye mlango akichambua mlenda. Akasema bila kuinua uso, "Mke wa watu halali nje, mkwe wangu. Hata kama halali."

Mambo yakaishia hapo. Mke aliyeolewa kwa ng'ombe angebishana na wawili? Ndipo Nkwabi akaleta habari za susu. Shauri lake lilikuwa kwamba Doto alale mpaka umri wa shule, halafu ataamshwa. Hapo Bibi Ngolo alitupa mlenda chini.

"Pacha hawapunjani! Hiyo hamkufundishwa kwenu? Ukimnunulia mmoja kiatu unanunua na cha mwenziwe. Ukimchapa mmoja, mguse na wa pili hata kwa unyasi. Umlaze mmoja, mwenziwe akue mpaka awe dada mkubwa wa pacha wake? Mnataka atuugulie?"

"Sasa tufanyeje, mama?" aliuliza Nkwabi.

"Mkiwalaza, walazeni sawa."

Na Nkwabi, akitaka kumridhisha mama yake na kiwanda kwa pamoja, akapata neno zamu. Kila mtoto alale sawa na mwenziwe, aamke sawa na mwenziwe. Bibi Ngolo alifikiri, akaona mila haijavunjwa. Milembe naye alifikiri, akaona hakuna anayepunjwa. Walikuwa wametenda haki kwa mizani. Nyumba nzima ilifurahi, na Nkwabi akasema watakapopaua nyumba waliyokuwa wakiijenga na kumaliza kununua mabati, watapata pesa ya mlezi, wawatoe wote wawili, wakae pamoja.

Sasa kilibaki kitu kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichokuja kuwala.

Kwenye lango la chekechea kulikuwa na jicho la mtambo lililosoma uso wa kila mtoto. Nafasi iliandikishwa kwa jina la Kulwa, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kutoka tumboni. Doto alipofika zamu yake, jicho lilimtazama, likaona uso uleule, likafungua. Mwalimu naye akaona mtoto yuleyule. Milembe alimfundisha Doto njiani: "Wakikuita Kulwa, itika." Mtoto mdogo hawezi kubeba majina mawili, moja la njiani na moja la nyumbani. Alikuwa anasahau, anamwambia mwalimu, "Mimi siyo Kulwa." Basi ili asije akawatoboa, wakaanza kumwita Kulwa hata nyumbani.

Siku moja, akisubiri dawa yake ya kulala, Doto alinyoosha kidole kwenye susu ya pacha wake. "Huyu nani?"

Milembe alikuwa anachelewa kazini. "Huyo ndiye Doto," alisema.

Uongo mdogo, wa kumvusha mtoto mlango. Lakini tangu siku hiyo, kwa watoto wote wawili, aliye macho alikuwa Kulwa na aliyelala alikuwa Doto.

Mwalimu wa chekechea, Restituta, alimwita Milembe siku moja akamwambia, "Mama Kulwa, mwanao ana akili, ila kichwa chake kina matundu. Mwezi mmoja anajua wimbo wote, mwezi unaofuata namwimbia ananitazama kama mgeni. Tena mwezi huu anatumia mkono wa kushoto!"

"Kwetu ndivyo tulivyo," alijibu Milembe akijilazimisha kucheka. "Bibi yake naye ni hivyohivyo."

Alicheka mpaka alipofika nyuma ya ukuta, akasimama pale, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Bibi Ngolo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujuta. Alikuwa na utani wake na wajukuu. Kila mmoja, akija zamu yake, alimwita mke mwenza. "Haya mke mwenzangu, umerudi? Mume wetu amekula ugali wote, hakukubakizia." Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mtoto akishalala usiku, bibi alimfunika, akasema, "Milembe, nataka niwapakate wote wawili. Huyu paja hili, yule paja lile. Mara moja tu."

"Tukipaua, mama."

"Paueni basi. Na mmoja mmemnyang'anya jina lake. Tulisema hawapunjani."

"Tukipaua, mama, yote yatakaa sawa."

Nyumba haikupauliwa mwaka ule, wala uliofuata. Bibi Ngolo akafa kwa homa ya kifua, ndani ya mwezi wa Kulwa. Kulwa alimwona bibi akiugua, aliona watu wakija na mikeka, alitia udongo kaburini kwa kiganja chake kidogo. Alilia, akabembelezwa, akalia tena, hata akaanza kucheza. Matanga yakaanuliwa. Mwezi ukaandama, Milembe akampeleka akalale, akamleta Doto.

Hakuwaza. Hilo ndilo alilorudiarudia kuniambia pale jikoni: hakuwaza. Msiba ulikuwa umempita yeye, akadhani umempita kila mtu wa nyumba ile.

Doto aliingia ndani mbio, moja kwa moja chumba cha bibi. Mkeka haukuwepo. Akaenda jikoni, akaenda uani, akarudi.

"Bibi kaenda wapi?"

Milembe alisimama na mwiko mkononi. "Bibi... Bibi amekufa, mwanangu."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Tulimzika."

"Nilimwacha anakoka moto," alisema Doto. Alisema kama mtu anayemsahihisha mwingine aliyekosea. "Alisema nikirudi atanichomea muhogo."

Kwa watu wengine matanga yalikuwa yameanuliwa. Kwa mtoto huyu yalikuwa ndiyo kwanza yanatandikwa, na hapakuwa na jirani hata mmoja wa kuja kukaa naye. Hakulia. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha bibi mpaka jua likageuka, kisha akasema, "Doto kamchukua."

"Nani?"

"Doto. Alinisubiri nilale, akaamka, akamchukua bibi."

"Hapana, mwanangu. Doto ni..." Milembe alitaka kusema Doto ni wewe. Badala yake akamfuta vumbi magotini.

"Nikilala tena atakuchukua na wewe," alisema mtoto. "Mimi silali tena."

Na kweli hakulala. Walimlaza, akafumbua. Walimbembeleza, akajifinya shavu. Usingizi ulimwiba kwa vipande vidogo akiwa amekaa, na kila alipozinduka alimtafuta mama yake kwa mikono kabla ya macho. Zikapita siku za namna hiyo. Macho yakaingia ndani, uji akaukataa.

Milembe akaenda kwa Bi Felista.

"Nipe mwanangu."

"Kwani zamu yake imefika?"

"Haijafika. Nipe."

Bi Felista aliweka kitambaa chake chini. Kwa mara ya kwanza hakutania. "Milembe, nisikilize vizuri. Ukitoa wote wawili, susu inakwenda kwa mwingine leoleo. Foleni imefika barabarani. Hairudi tena. Na kiwanda kikijua una wawili waliotumia nafasi moja ya chekechea, na ile nayo umeikosa. Utawaweka wapi?"

"Sijui."

"Mume wako anajua?"

"Bado."

"Basi nitaanza kumpasha taratibu, kwa sababu hakuna njia ya haraka. Ukibadili mawazo uje kabla hajafumbua macho. Na ujue, anayetoka susuni siku ile ya kwanza hapati usingizi kabisa. Usije ukasema nimekupa mgonjwa."

Jioni Milembe alimkuta Nkwabi uani akifua ovaroli yake.

"Nimeomba kazi ya usiku," alisema.

Nkwabi alikamua mguu mmoja wa ovaroli, polepole. "Unaniomba au unaniambia?"

"Nakuambia."

"Watu watasema."

"Waseme. Aliyekuwa anasema kwenye nyumba hii tumemzika. Umebaki wewe. Sema."

Nkwabi akaenda kwenye kamba. Alianika ovaroli, akairekebisha, akairekebisha tena wakati haikuwa na kasoro.

"Uji nitaujulia wapi mimi?"

"Maji, unga, mwiko. Unajenga reli, utashindwa na uji?"

"Na wakilia wote wawili kwa pamoja?"

"Utalia nao. Mimi nimelia peke yangu muda mrefu."

Akamtazama mkewe, halafu akatazama kile chumba cha mama yake chenye mlango wazi, na Doto amekaa kizingitini kama mlinzi. "Alitaka awapakate wote," alisema.

"Najua."

"Nami nikamwambia asubiri tupaue." Akaipiga ovaroli kofi. "Mabati! Milembe, nilimwambia mama yangu asubiri mabati."

Hawakugombana. Waliona wote wawili kitu kilichokuwa mbele yao tangu mwanzo: kwamba zamu ilikuwepo, ila ilikuwa zamu ya wazazi. Waliona haya kuigawana wao, wakawagawia watoto.

Siku Kulwa alipokuwa tayari, Milembe alimchukua Doto wakaenda pamoja. Safari hii alibeba magauni mawili ya njano, la zamani na jingine jipya alilolishona kwa mkono. Bi Felista alimtoa Kulwa akimshika bega. Mtoto alikuwa na rangi ya majivu bado, na nywele zimelala upande mmoja.

Watoto wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amemwona mwenzake mara nyingi, lakini amefumba macho. Ilikuwa kama picha ya ukutani imekugeukia na kupepesa macho.

Kulwa alipaza sauti kwa furaha. "Mama! Doto kaamka!"

"Siyo mimi," alisema Doto, akarudi nyuma hatua. "Wewe ndiye Doto. Mimi Kulwa."

"Mimi Kulwa!"

"Mimi! Waulize shuleni!"

Milembe alipiga magoti sakafuni kwenye ubaridi ule. Alimshika Doto mikono. Angeweza kudanganya tena, ilikuwa rahisi, lakini alikuwa amechoka kudanganya. "Mwanangu, wewe ndiye Doto. Mimi nilikosea kukuita vingine. Bibi na baba yako walikupa jina hilo siku uliyozaliwa."

Mtoto alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Doto ni yule anayelala," alisema. "Mimi silali. Nimekaa macho siku zote. Siyo mimi, mama. Niko macho! Nitazame!"

Akafungua macho kwa vidole, makubwa, mekundu, amwonyeshe mama yake.

Bi Felista aligeuka, akajifanya anakunja mashuka ambayo yalikuwa yamekwisha kunjwa.

Njia nzima watoto walitembea kila mmoja upande wake wa mama, wakichunguliana kwa mbele ya tumbo lake. Kulwa, ambaye hakuwa na kinyongo, alijaribu kusema neno. "Bibi alikufa, unajua? Mimi nilitia udongo." Alisema kwa majivuno, kama mtoto anavyosema nimepanda punda. Doto akaanza kulia hapo hapo barabarani, kile kilio alichokuwa amekizuia, watu wakasimama kutazama.

"Mrudishe," alimwambia mama yake. "Mrudishe kwenye susu yake."

"Mrudishe yeye!" alisema Kulwa. "Zamu yake!"

Milembe alitembea. Aliniambia kwamba kila alipoifikiria siku hii, na aliifikiria mara nyingi akiwa mbele ya mashine zake, aliwaona wakikumbatiana. Hakuwahi kuona kwamba amewafundisha jambo moja tu, kila mmoja kwa mwezi wake: kwamba uhai wa mwenzio ni kulala kwako.

Jioni aliwaacha na baba yao, akaenda kazini.

Asubuhi aliporudi, Nkwabi alikuwa mlangoni tayari na mfuko wake wa spana. Alikuwa na unga kwenye nyusi.

"Umeamkaje?" alimuuliza mkewe.

"Sijalala, nitaamkaje. Wao?"

"Hata lepe. Mmoja kona hii, mwingine kona ile, wanatazamana kama paka wawili juu ya bati. Mmoja akiinamisha kichwa, mwingine anakohoa. Huyu wako wa susu hana usingizi, huyu mwingine hataki. Uji niliunguza, nikapika mwingine, nao nikaunguza." Alitaka kucheka, ikashindikana. Akamgusa mkewe bega, akatoka. Ndivyo walivyokuja kuishi miaka iliyofuata, mume na mke wakikutana penye mlango, wakipokezana watoto kama askari wanavyopokezana lindo. Milembe anasema alikuja kuitamani sauti ya mumewe ilhali wanaishi nyumba moja.

Akaingia. Akatandika godoro katikati ya chumba, akakaa juu yake na nguo za kazi. Watoto wakaja, huyu kushoto, huyu kulia.

"Laleni," alisema. "Kumekucha, lakini laleni."

"Alale yeye kwanza," alisema Doto.

"Anayelala anakuwa Doto," alisema Kulwa. "Sitaki."

Milembe hakuwa na neno la hekima. Walio na hekima huwa wamelala. Yeye alikaa tu, miguu imemvimba, akiwapapasa migongo, na baada ya kitambo Kulwa akazidiwa. Kichwa kikaenda, kikarudi, kikaenda moja kwa moja. Siku yake ya kwanza ya kutoka susuni ilikuwa imekwisha.

Doto aliinuka mara moja. Alitambaa kumzunguka mama, akafika, akainama juu ya uso wa mwenziwe. Milembe akajiandaa kumdaka mkono. Mtoto akalishika sikio la Kulwa, akalivuta.

"Amka!"

Kulwa akafumbua, akapiga yowe. "Ananiumiza!"

Doto alishtuka zaidi yake. "Kaamka," alisema. Alingoja Kulwa asinzie tena, akalivuta tena sikio, na Kulwa akafumbua tena, sasa na hasira.

"Mama, mbona anaamka upesi?"

"Kwa sababu amelala nyumbani. Anayelala nyumbani ukimwita anaamka."

Doto akafikiri. "Na mimi nikilala hapa, ataniamsha?"

Milembe akamgeukia Kulwa. "Utamwamsha mwenzio?"

"Nitamwamsha!" alisema Kulwa, amekunja uso. "Kanivuta mimi mara mbili. Na mimi nitamvuta mara mbili."

"Kweli?" aliuliza Doto.

"Kweli. Na nitavuta kwa nguvu."

Hilo halikuwa pendo, Milembe alijua. Lilikuwa deni la watoto. Lakini Doto alilala chini, mbali kidogo, halafu karibu kidogo, mpaka sikio lake likafika pale ambapo mkono wa dada yake ungeweza kulifikia. Kulwa akalishika ili asije akalikosa baadaye, na akiwa amelishika hivyo hivyo akasinzia.

Doto bado alikuwa anatazama dari. "Mama. Nikiamka utaniita nani?"

"Unataka nikuite nani?"

"Siyo Doto."

"Siyo Doto basi. Mpaka utakapolitaka."

"Na Kulwa ni yeye?"

"Kulwa ni yeye."

"Basi mimi sina."

"Tutatafuta pamoja."

"Ngoja nifikiri," alisema mtoto, akafumba macho ili afikiri vizuri, na usingizi ukamkuta huko huko, hajachagua.

Akabaki Milembe peke yake. Nyumba haikuwa na mtoto aliye macho. Ukimya ule alikuwa ameutamani miaka yote, na sasa ulimtisha. Aliwatazama wamelala wote wawili kwa wakati mmoja, wakipumua, jasho likiwatoka shingoni, na hakuwa ameliona jambo hilo tangu walipokuwa wa kubebwa. Kwa hesabu ya miaka walikuwa na umri wa kwenda darasa la kwanza. Miili yao ilikuwa ya watoto wa kuanza chekechea. Ile nusu ya miaka waliyoilala alikuwa akiihesabu kama faida, na faida ile, alipoigeuza huku na huku pale godoroni, hakuona mtu yeyote aliyeila.

Aliazimia akae macho mpaka waamke, ili kila mmoja atakapofumbua amkute. Lakini usiku wa kiwandani haumuulizi mtu anaazimia nini. Godoro lilikuwa limejaa, hakutaka kuwasogeza. Akateremka, akajilaza sakafuni penye mlango, kichwa juu ya mkono, jua la asubuhi likimpiga nyayoni, naye akalala.